Nakala ya Kwanza

Wezi waliacha televisheni. Waliacha birika la umeme, waliacha spika ya mikutano ambayo mtu yeyote sokoni angeinunua bila kuuliza ilikotoka, waliacha hata kikopo cha michango ya chai kilichokuwa wazi juu ya kabati. Walichukua kompyuta moja tu, kuukuu, yenye kioo kilichopasuka pembeni na kitufe kimoja kilichokuwa kikichomoka ukikibonyeza kwa hasira.

Karani wa chama alisimama mlangoni na funguo mkononi. Hazikuwa na kazi tena, kwa sababu kitasa chenyewe kilikuwa sakafuni. Mwenyekiti, mzee mnene aliyekiongoza chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha vigae tangu meno yote kinywani yakiwa yake, alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia gotini, akiitazama meza.

"Wezi wa siku hizi wana adabu," alisema. "Hata kiti hawakukiangusha."

"Polisi umewaita?"

"Wamekuja, wameondoka. Kijana wao kaniuliza kompyuta ilikuwa na thamani gani. Nikamwambia ina wafu watatu ndani. Akaandika: kompyuta, kuukuu."

Karani aliinama akaokota kitasa, akakiweka mezani kama mtu anayerudisha kikombe.

"Nakala zipo, Mwenyekiti."

"Zipo wapi?"

"Nyumbani. Kwenye diski. Kila jioni kabla ya kufunga ofisi nilikuwa nachukua."

Mwenyekiti alimkazia macho, kisha akavaa kofia. "Binti, kama ni kweli, nitakubeba mgongoni mpaka mahakamani."

"Mgongo wenyewe uko wapi?"

"Nitaazima," alisema Mwenyekiti, na wote wawili wakacheka, kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

Kilichoibiwa zilikuwa sauti. Kwa muda mrefu Karani alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba na simu yake, akiwarekodi wafanyakazi wa kiwanda na waliowahi kuwa wafanyakazi. Walieleza habari za vumbi jeupe la chumba cha kukatia, za barakoa zilizoahidiwa kila mwaka na kuonekana siku ya wageni tu, za daktari wa kampuni aliyempa kila anayekohoa dawa ya mafua. Alianza na waliokuwa taabani zaidi, maana hao hawakuwa na muda wa kusubiri zamu. Watatu kati yao walikuwa wameshazikwa: Spana, fundi wa mashine ya kukatia, ambaye alikuwa baba mkwe wake mwenyewe, Mama Kantini, aliyewapikia watu miaka yote pembeni ya tundu la kutolea vumbi, na Babu Geti, mlinzi. Walio hai, kampuni ilikuwa ikiwaita mmojammoja, ikiwakalisha kwenye kiti cha ngozi, ikiwapa soda na karatasi ya kutia saini. Wafu ilishindwa kuwaita. Kwa hiyo kesi nzima ilikuwa imeegemea sauti zile tatu, na kesi ilikuwa inasikilizwa wiki hiyohiyo.

Hazikuwepo mahali pengine. Simu ya Karani ilikuwa na nafasi finyu. Kila akihamishia sauti kwenye kompyuta aliifuta simuni ili mtu mwingine apate pa kusemea. Mambo ya kuhifadhi mtandaoni Mwenyekiti aliyakataa katakata, akisema huko ni sawa na kuanika nguo za ndani barabarani. Wakili naye aliomba asiletewe kitu mpaka siku ikaribie, kwa kuwa ofisi yake iliwahi kuvunjwa kwa adabu hiyohiyo. Ikabaki diski.

*

Wifi yake alikuja jioni hiyo na kompyuta yake ya kazini kwapani. Alikuwa mdogo wa mume wa Karani, fundi wa simu na kompyuta kwenye kibanda ambacho watu wawili hawakuweza kugombana ndani bila mmoja kutoka nje. Ulimi wake ulikuwa mkali na mikono yake ilikuwa ya upole.

"Wifi, si ulikuwa unalitukana dirisha jeusi?" alisema akivua viatu. "Leo litakuokoa."

"Nililitukana kwa sababu halijibu mtu."

Yeye ndiye aliyemfundisha. Programu ile haikuwa na picha wala vitufe. Ilikuwa dirisha jeusi tu, na mstari mmoja wa kuandikia amri. Siku ya kwanza, wifi alimweleza, inabeba kila kitu. Kuanzia siku ya pili inakagua kipi kipya na kipi kimeguswa, basi inabeba hicho peke yake na kukifunga kifurushi chake. Vingine inaviacha, kwa kuwa inajua imeshavibeba. Karani alipouliza kama ikimaliza itamwambia, wifi alicheka. Haiambii mtu kitu, alisema. Ukiona imenyamaza, imemaliza salama. Ikitoa neno, niite.

Karani alinakili amri ile kwenye kipande cha kadibodi akakibandika ukutani. Kila jioni aliiandika herufi kwa herufi, akabonyeza, dirisha likanyamaza, akachomoa diski na kuizungushia mtandio wake, akaenda nayo nyumbani. Wanaume wa chama walimtania kwamba anatembea na kiini macho. Yeye aliona fahari. Kati ya watu wote waliowahi kuingia ofisi ile, wenye suti na wasio na suti, ni yeye peke yake aliyejua kuongea na lile dirisha.

Mama mkwe alitoka chumba cha ndani akishikilia ukuta, shuka mabegani, akakaa kwenye kochi karibu na meza. Siku hizo pumzi ilikuwa inamfikia kwa shida, kama mgeni asiyejua njia.

"Anzeni na baba yenu," alisema. "Nimsikie."

"Subiri kidogo, Mama," wifi alisema. "Tunavifungua vyote kwa pamoja, ndiyo kanuni yake. Kile cha kwanza, halafu vinavyofuata kwa mpangilio."

Akachomeka diski. Akaandika. Karani alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, akijua kila herufi itakayofuata.

Dirisha likatoa neno.

Wifi akaandika tena. Likarudia lilelile. Akaliacha dirisha, akafungua orodha ya vifurushi kwenye diski, akaipandisha juu, akaishusha, akaipandisha tena.

"Wifi. Kile cha kwanza kiko wapi?"

"Kipo hapo. Ndicho kikubwa kuliko vyote."

"Hakipo."

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Kuna vidogo vidogo chungu nzima, vimepangana vizuri kama watoto wa shule. Cha kwanza hakipo."

Karani akamsogeza kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote wa familia ile, akaangalia mwenyewe. Vidogo vilikuwepo vyote. Wifi alivifungua kimojakimoja, akimsomea vilivyomo: sauti za walio hai, ambao Karani alikuwa akiwarudia kila mara kuongeza maneno na kusafisha kelele, picha za mapafu, barua za chama. Kila kilichoguswa kilikuwepo.

"Spana?" aliuliza Karani.

"Baba ulimgusa lini mara ya mwisho? Faili lake, namaanisha."

Faili la Spana lilikuwa kamili tangu siku aliyolirekodi. Vivyo hivyo la Mama Kantini, vivyo hivyo la Babu Geti. Walikuwa wamesema, wakamaliza, wakafa. Programu ilikuwa imepita kila jioni ikiuliza nani amebadilika, na wafu hawabadiliki.

"Basi walikuwa kwenye kile cha kwanza tu," wifi alisema polepole. "Wifi, nani alikishika?"

"Mbona mmenyamaza?" mama mkwe aliuliza. "Hajawahi kuongea kwa sauti ndogo yule mtu. Ongezeni."

*

Mume alifika akiwa bado na ovaroli ya kazini. Alikuwa kibarua wa kupakia vigae kwenye malori, kiwanda kilekile, maana katika mji ule mtu alikuwa na kiwanda au hakuwa na kitu. Alikaa kwenye kochi kando ya mama yake, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Leo msimamizi kanipa pole," alisema. "Tunaingia zamu ya asubuhi, kunapambazuka, ananiambia pole sana na ofisi yenu. Nikasema asante. Nimefika kwenye lori ndiyo najiuliza, pole ya nini? Mke wangu hata ofisi hajaifungua."

Wote walikuwa wakimtazama. Akainua macho.

"Nini?"

"Uligusa diski," Karani alisema.

"Diski ipi?"

"Usinifanye mtoto. Ipo moja tu nyumba hii. Kifurushi cha kwanza, kile kikubwa. Ulikifuta ukaweka mipira yako."

Diski kweli ilikuwa ya mume. Aliinunua zamani kwa ajili ya mechi za timu yake, alizokuwa akizirudia Jumapili hata zile ambazo walifungwa, na Karani alipohitaji mahali pa kuwekea nakala alimgawia nafasi bila kinyongo. Sasa alimtazama mkewe, kisha dada yake, kisha ile orodha kwenye kioo.

"Ni kile?" alisema. "Ndicho hicho?"

"Kwa hiyo ulikifuta."

"Nilikifuta."

"Kwa ajili ya watu ishirini na mbili wanaofukuza mpira, umemzika baba yako mara ya pili."

Wifi akasema, "Wifi, taratibu, Mama yupo hapa." Lakini Karani alikuwa ameshafungulia. Alisema maneno ambayo mtu huyasema akiwa na hakika kwamba kosa si lake, nayo ndiyo mabaya kuliko yote. Alimwita mzigo. Alimwambia kampuni haikuwa na haja ya kumtuma mwizi ofisini wakati ilikuwa na mtu wake kitandani. Mume alimwacha amalize. Alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Siku ile Mama amelazwa, ulikuwa hospitali wewe. Nilikwenda ofisini kukufungia, nikaandika ile amri yako kama ilivyo kwenye kadibodi. Likasema neno. Nikakupigia. Unakumbuka nilikupigia?"

Karani alikumbuka ukumbi wa hospitali, benchi, muuguzi aliyekuwa akimwita kwa jina la mgonjwa. Alikumbuka simu ikiita.

"Nikakwambia diski imejaa, inakataa," mume aliendelea, na sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa nayo Karani angeishika hiyo. "Nikakuuliza, nifute mipira yangu? Ukasema, mipira yako iache, ndiyo raha pekee uliyobaki nayo. Futa kilicho cha zamani kabisa, mpya zipo. Nikakurudia, cha zamani kabisa? Ukasema ndiyo, kile cha mwanzo, mbona unaniuliza kama hakimu."

Karani akageuka kuitazama diski.

Alikuwa amesema. Aliyasikia maneno yale kwa sauti yake mwenyewe, hata ule uchovu ndani yake. Nayo hayakutoka hewani. Katika chama chao orodha mpya ya wanachama ikishachapwa, ya zamani ilichanwa palepale, vipande vidogo visivyoungika. Mwenyekiti aliweka sheria hiyo baada ya kampuni kuokota orodha ya zamani kwenye pipa la taka na kuwafukuza kazi wote waliokuwa na majina humo, na wengine hawakupata kazi tena mpaka leo. Mpya ikiingia, ya zamani isionekane. Karani alikuwa amechana makaratasi hayo miaka mingi, kwa mikono yake, akiamini anawalinda watu, na alikuwa anawalinda. Tabia ileile, iliyowaokoa walio hai, ndiyo aliyoipeleka kwenye diski bila kujiuliza.

Na baada ya hapo programu haikulalamika. Iliendelea kubeba vidogo kila jioni juu ya shimo, ikanyamaza, naye akauhesabu ukimya ule kuwa usalama.

"Kinaweza kurudi?" alimuuliza wifi yake. "Vitu vilivyofutwa si huwa mnavirudisha kibandani?"

"Kama hakijaandikwa kitu juu yake." Wifi alikuwa ameshaanza kujaribu. Alijaribu muda mrefu, midomo ikicheza, kisha akatoa mikono mezani. "Kaka, msimu huu umerekodi mechi ngapi?"

Mume alikiweka kiatu chini. "Zote," alisema.

Mama mkwe alikuwa akiwatazama kwa zamu, kama mtu aliyekaa kati ya watu wanaoongea lugha nyingine. "Kwa hiyo baba yenu hayumo," alisema mwishowe.

"Hayumo, Mama."

"Nami nilijua nitamsikia tena."

Karani alikwenda akapiga magoti mbele ya mumewe, akaanza kumfungulia kamba za kiatu cha pili. Mume akamshika mkono, akamzuia. "Usifanye hivyo," alisema. "Usinifanyie hivyo mbele ya Mama."

*

Kwa wakili kulikuwa na mapokezi, na kwenye mapokezi kulikuwa na msichana mwenye kucha ndefu aliyemuuliza Karani kama ameleta chakula cha mtu. Alipoingia mwishowe, wakili hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu. Alivua miwani, akafikicha macho, akauliza kuna maandishi? Yalikuwa kwenye kompyuta. Kuna mtu aliyekuwepo wakati mzee anarekodiwa? Mama mkwe alikuwepo. Wakili akatikisa kichwa.

"Atakachosema mumewe alimwambia, watakipangua kabla hajakaa kitini. Walio hai wangapi hawajaitwa kwenye soda?"

"Wachache. Jana kaitwa mwingine."

"Dada yangu, nikuambie ukweli. Tukiingia hivi tulivyo, watasema hakuna aliyekufa kwa vumbi. Mlinzi alikuwa mvutaji, mpishi alikuwa na moshi wa kuni, fundi alikuwa mzee. Na sisi tutakuwa tunatazama viatu." Akavaa miwani. "Hata hivyo mrekodi mama. Andika kila anachokumbuka. Sina cha kukuahidi."

Njiani Karani alipita mbele ya geti la kiwanda. Lori lilikuwa linatoka, limefunikwa turubai, na nyuma yake hewa ilikuwa nyeupe kwa kitambo, kisha ikawa hewa tena. Mlinzi mpya alimpungia mkono. Alikuwa anakohoa.

*

Walimkalisha mama mkwe kitandani, mto mgongoni. Karani aliweka simu juu ya stuli, akaiwasha, akataja tarehe na jina la chama kama alivyozoea. Mumewe alikuwa ndio kwanza amerudi. Alisimama mlangoni akisikiliza, na ovaroli yake.

"Mama, sema unachokumbuka katika aliyoyasema Baba."

"Alisema mengi. Alisema mashine ilikuwa inalia kama mbwa." Akapumzika. "Alisema barakoa zilikuja na wageni, wageni wakaondoka nazo. Siwezi kusema kama yeye. Yeye alikuwa anajua majina ya vyuma."

"Sema unachojua wewe basi."

"Mimi najua nini? Sijawahi kuingia kwenye lile geti hata siku moja."

"Alivyokuwa akirudi nyumbani, kwa mfano."

"Akirudi alikuwa mweupe. Watoto walimwita mzimu, walikuwa wanamkimbia wakicheka." Mama mkwe alitabasamu, na kikohozi kikamkatiza, kirefu, mpaka Karani akanyoosha mkono kutaka kuzima simu. Mama akamkataza kwa kidole. "Iache. Nilikuwa nampokea nguo uani. Unazikung'uta kwanza, lazima, ukizilowesha hivyohivyo zinaganda kama vigae vyenyewe. Nazipiga ukutani. Paa, paa. Uso unajaa, unajipangusa, unafua. Kila siku ya Mungu, miaka yote aliyofanya kazi. Daktari wa hospitali, nilipolazwa, alinionyesha picha ya kifua changu. Akaniuliza, mama, kiwandani ulikuwa kitengo gani? Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mama wa nyumbani. Akasema haiwezekani, akaita na mwenzake aje aione. Ilikuwa sawasawa na ile ya baba yenu, madoa yaleyale, pale pale. Nikajua wamechanganya picha."

Nje jirani alikuwa akiburuta ndoo. Karani aliitazama simu, ule mstari mwekundu ukipanda na kushuka kwa pumzi ya mgonjwa. Kwa miaka yote aliyozunguka na simu ile alikuwa akiketi uani kwa watu, akiwaomba wake zao wapunguze kelele za kufua ili waume wasikike.

"Mama," alisema, "hawakuchanganya."

Mama mkwe hakuonekana kushtuka. Alikuwa akimtazama mwanawe pale mlangoni, mabega yake, mikunjo ya mikono ya ovaroli ilivyokuwa imeshika weupe, na uso wake ulikuwa ukibadilika taratibu, kama wa mtu anayehesabu kitu asichokipenda.

"Na za huyu," aliuliza, "nani anazikung'uta?"

Mume alirudi nyuma hatua moja, akatoka uani, wakamsikia akihangaika kufungua vifungo. Simu ilikuwa bado inarekodi. Karani aliisogeza karibu na mdomo wake.

"Mimi," alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika vizuri.